Sura ya Tano: Joto la Macho, Ubaridi wa Mwili

Sebule nyingi zinazojengwa siku hizi Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi zinafanana. Sakafu ni ya vigae vyeupe vinavyong'aa, dari ni ya jipsamu yenye taa zilizofichwa pembeni, kuta zimepakwa nyeupe au kijivu, na katikati imekaa seti ya sofa za ngozi ya bandia zinazoelekea televisheni. Ni chumba safi, na mwenyewe amekigharimia kwa jasho lake. Lakini mtu akikaa humo kwa muda anaanza kutafuta pa kwenda. Sauti zinagonga kuta na kurudi, mwanga unachosha macho, ngozi ya kiti inanata mgongoni. Jioni familia hutoka nje na kuketi barazani, na sebule inabaki kuwa ya wageni.

Sura hii inahusu namna ya kuwarudisha watu ndani. Mtindo nitakaoueleza umeenea duniani kote: mbao, udongo, mawe, nyuzi za mimea, rangi za ardhi na mwanga mpole. Katika nchi za Skandinavia, ambako majira ya baridi ni marefu na jua huzama alasiri, watu hupamba hivyo ili kujikinga na baridi na giza. Vitabu na picha nyingi za mapambo hutoka huko, na ndiyo maana utaona zulia nene la manyoya, blanketi la sufu juu ya kiti, na dirisha lililofungwa. Ukiyaleta hayo yote Tanga au Malindi mwezi wa Februari, utakuwa umejitesa. Mahitaji yetu ni mawili kwa pamoja: macho yaone joto, mwili upate ubaridi. Watu wa mwambao walilitatua jambo hili karne nyingi zilizopita, na suluhisho lao bado linafaa katika nyumba ya matofali ya sementi na bati.

Nyumba za mawe za Lamu

Anayetaka kulielewa jambo hili na aanzie Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nyingi ya nyumba kubwa za mawe zilizobaki pale ni za karne ya 18. Kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha karibu nusu mita, kwa hiyo joto la mchana huchukua saa nyingi kulifikia upande wa ndani. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo ndizo zilizoamua upana wa chumba, kwa kuwa mkoko hauwezi kubeba dari nzito kwa zaidi ya takriban mita tatu kati ya ukuta na ukuta. Vyumba vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kuanzia kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kupitia kumbi ziitwazo misana, hadi chumba kiitwacho ndani.

Mwanga huingia kupitia uani na kupungua kadiri unavyosonga. Ukifika ndani, pamebaki mwanga kidogo tu, na hapo ndipo mafundi walipoweka kazi yao bora: zidaka, safu kwa safu za vishubaka vilivyochongwa katika chokaa kwenye ukuta mzima, ambamo ziliwekwa sahani za kaure kutoka China na vitu vingine vya thamani. Ukuta huo una rangi moja tu, lakini haukuchoshi. Kila kidaka kina kivuli chake, kila nakshi ina ukingo unaoshika mwanga kwa upande, na chokaa iliyosuguliwa inautawanya mwanga mdogo uliopo badala ya kuumeza.

Vitu vilivyojenga chumba hicho vilitoka jirani. Mawe yalitoka katika miamba ya matumbawe, chokaa ilitokana na matumbawe hayo hayo yaliyochomwa, boriti zilikatwa mikokoni, kamba za vitanda zilisokotwa kwa makumbi ya nazi, mikeka ilisukwa kwa ukindu. Kaure ndiyo iliyovuka bahari, na ilipewa mahali pa heshima kwa sababu ilikuwa chache.

Nyumba hizo zinatufunza mambo matatu. La kwanza, mwanga uwe mdogo na utoke ubavuni. La pili, nyuso kubwa za chumba, yaani kuta, sakafu na dari, zisiakisi mwanga kwa ukali. La tatu, kila kinachogusana na mwili kiwe kinapitisha hewa. Ukiyashika matatu hayo, unaweza kupamba chumba cha kupanga Mbagala au nyumba ya ghorofa Nyali, na matokeo yatakuwa yale yale.

Anza na taa

Watu wengi wakitaka kubadilisha nyumba huanza na sofa. Mimi nashauri uanze na balbu, kwa sababu ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote na kinachobadilisha chumba zaidi ya vyote. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini. Mshumaa unatoa mwanga wa chini ya Kelvini 2000, balbu za zamani za waya zilitoa karibu 2700, na mwanga wa mchana mweupe uko kati ya 5500 na 6500. Balbu nyingi za LED zinazouzwa madukani kwetu ni za 6500. Zinafaa kwa karakana, na jikoni pale unapochambua mchele. Lakini saa mbili usiku, mwanga huo unaifanya mbao ya mninga ionekane ya kijivu na sura ya mtu ionekane mgonjwa.

Geuza boksi la balbu usome ubavuni. Tafuta namba 2700K au 3000K kwa sebule na vyumba vya kulala. Kama namba ya Ra imeandikwa, chagua iliyo karibu na 90, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoonyesha rangi za vitu kwa uaminifu. Kisha shusha mwanga. Taa moja kali katikati ya dari inafuta vivuli vyote na kukiacha chumba bapa. Taa mbili au tatu dhaifu, moja juu ya meza ndogo, moja kwenye kona karibu na sakafu, moja ikielekezwa ukutani, zinarejesha vivuli ambavyo fundi wa zidaka alivitengeneza kwa patasi. Kivuli cha taa kiwe cha kitu chenye matundu: kikapu kilichogeuzwa, chungu kilichotobolewa, kitambaa cha pamba. Usitumie balbu inayopata moto ndani ya kikapu. LED ndogo inatosha na haipati moto wa kuunguza ukindu.

Mchana kazi ni kinyume chake, yaani kulizuia jua bila kuuzuia upepo. Mapazia mazito ya kung'aa yanafungia joto ndani. Pazia la pamba nyepesi, au chiki ya mianzi, au vibao vya mbao vya dirishani vinavyoinama, vinakata mwanga vipande vipande huku hewa ikipita. Hakikisha kila chumba kina matundu mawili ya hewa yanayotazamana, hata kama la pili ni tundu dogo juu ya mlango. Hakuna pambo litakalokufaa katika chumba kisichopumua.

Ukuta wa chokaa

Chokaa ni rangi ya ukuta niipendayo kuliko zote, na inasikitisha kuona imeachiwa mashina ya miti barabarani na kuta za vyoo vya shule. Kazi yake ni ya ajabu. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa hai. Chokaa hai ikitiwa maji huchemka yenyewe, ikatulia na kuwa rojo laini. Rojo hilo likipakwa ukutani hunyonya hewa ya ukaa iliyomo chumbani na polepole hugeuka kuwa jiwe tena. Ukuta uliopakwa chokaa umefunikwa kwa tabaka jembamba la jiwe halisi, lenye vinyweleo, linalopitisha unyevu badala ya kuufungia, na ambalo ukungu haulipendi kwa sababu ya ukali wake.

Zamani matumbawe ndiyo yaliyochomwa. Leo hatuna sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa miamba ya bahari imechoka na samaki wanaihitaji. Tanga kuna mawe ya chokaa ya kutosha na viwanda vinavyoyachoma, na chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa kwa maji inapatikana katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi.

Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu mkubwa, inahitaji subira. Iloweke chokaa kwenye pipa la plastiki kwa wiki kadhaa, maji yakiwa juu yake daima. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Ichuje kwa chandarua, iongeze maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha ukuta, kisha paka kwa brashi pana, ukiikokota kila upande bila mpangilio. Tabaka la kwanza litakuvunja moyo, kwa sababu likiwa bichi halionekani. Subiri siku moja nalo litakuwa limepauka na kuwa jeupe. Paka la pili, la tatu, la nne, yote yakiwa mepesi. Ukipaka tabaka nene kwa haraka, litapasuka na kubanduka. Vaa glavu na miwani, kwa maana chokaa inachoma ngozi na inaweza kuharibu jicho.

Kuna sharti moja. Chokaa inashika kwenye plasta ya sementi isiyopakwa kitu, au kwenye chokaa nyingine. Haishiki juu ya rangi ya mafuta wala ya plastiki. Kama ukuta wako umekwisha kupakwa rangi hizo, ama uikwangue mpaka ifike kwenye plasta, ama utumie rangi ya maji isiyong'aa na usahau chokaa kwa chumba hicho. Hilo nalo ni chaguo zuri.

Kuhusu rangi yenyewe, usiichague kutoka kwenye simu. Toka nje ya nyumba yako ukaokote vitu vitatu: kipande cha udongo mkavu, jani lililokauka, na gome la mti au jiwe. Udongo wa Dodoma ni mwekundu, mchanga wa Bagamoyo una weupe wa mfupa, mawe ya Iringa ni ya kijivu yenye chembe za kahawia. Vipeleke vitu hivyo kwenye duka la rangi wanakochanganya kwa mashine, au nunua vumbi la rangi ya madini ya chuma, nyekundu au ya manjano, uchanganye kidogo kwenye chokaa. Rangi za madini haziharibiwi na ukali wa chokaa. Nyingine nyingi hupauka. Nyumba iliyopakwa rangi za mahali ilipo haitapitwa na wakati, kwa kuwa haikufuata wakati.

Chini ya unyayo

Vigae vyeupe vikishawekwa, sikushauri uvivunje. Ni gharama, na vina faida moja kubwa: ni baridi. Unachohitaji ni kuuondoa mng'ao wake pale watu wanapokaa. Jamvi la miyaa linatosha kwa chumba kikubwa, na mkeka wa ukindu kwa mahali pa kuketi na kulala.

Uchukue mkeka mzuri mkononi uutazame kwa karibu. Ulianza na makuti machanga ya mkindu, yaliyokatwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa mpaka yakapauka. Msukaji akayachana kuwa chane nyembamba zenye upana mmoja. Baadhi akazichemsha kwenye rangi, zambarau na kijani na nyekundu, nyingine akaziacha zilivyo. Kisha akasuka ukili, ukanda mwembamba unaorefuka mita baada ya mita, mikono ikienda yenyewe huku mazungumzo yakiendelea. Ukili ulipotosha, ulishonwa ubavu kwa ubavu mpaka upana ukapatikana, kingo zikakatwa na kutiwa pindo. Utafute mshono. Katika mkeka hafifu utauona kutoka mlangoni, na uzi wake umelegea. Katika mkeka mzuri itabidi uupinde mkeka ndipo uone mahali ukili mmoja ulipokutana na mwingine. Sasa upitishe kiganja: chane zilizokatwa sawasawa hazina ncha inayochoma. Mwisho tazama nakshi kwenye maungio. Kama mistari ya ukili mmoja inaendelea katika ukili unaofuata bila kuruka, aliyeusuka alikuwa na mkeka mzima kichwani tangu chane ya kwanza. Huo ndio mkeka wa kununua, hata ukiwa na bei mara tatu ya ule wa plastiki uliotundikwa kando yake.

Mkeka hukaa chini ya mwili uliolala bila kuutoa jasho, kwa sababu hewa inapita katikati ya chane. Ukitandikwa juu ya vigae hupunguza mwangwi. Ukitundikwa ukutani nyuma ya kitanda, unafanya kazi ya ubao wa kichwani na unafukuza ubaridi wa ukuta huko Mbeya au Njombe mwezi wa Julai.

Kwa mahali panapopitwa na watu wengi, mkonge ni imara zaidi. Historia yake kwetu ilianza 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo kilitokea kilimo kilichoifanya Tanganyika, wakati wa uhuru, kuwa nchi inayoongoza duniani kwa mkonge. Baadaye kamba za plastiki ziliushusha thamani. Zulia la mkonge lina rangi ya mchanga, halishiki vumbi sana, na linavumilia viatu. Haliyapendi maji, kwa hiyo liweke sebuleni au ukumbini, mbali na jiko na bafu.

Kwa anayejenga upya na mwenye fedha kidogo, nashauri sakafu ya sementi iliyotiwa rangi nyekundu ya madini na kusuguliwa kwa nta. Nyumba nyingi za zamani za mijini na za shule za misheni zilikuwa nayo, na zile zilizotunzwa bado zinang'aa kwa upole baada ya miongo mingi.

Mbao zenye historia njema

Mbao ndiyo inayotoa joto kubwa zaidi chumbani, na ndiyo inayohitaji dhamiri zaidi. Mninga, mvule, mkongo na mpingo ni miti ya misitu ya asili, inakua polepole, na mingi imekatwa bila kibali. Mikoko nayo haikatwi bila ruhusa. Mapambo yanayoiga asili huku yakiimaliza hayana maana yoyote.

Njia za halali zipo. Mtiki unapandwa katika mashamba ya serikali ya Longuza, wilayani Muheza, na Mtibwa mkoani Morogoro. Ni mbao nzuri sana, yenye mafuta yake ya asili, na mchwa hawaipendi. Misonobari ya Sao Hill, Mufindi, ni laini na nafuu, inafaa kwa rafu na vitanda vya watoto. Mwembe na mfenesi uliozeeka shambani, badala ya kuwa kuni, unaweza kutoa meza yenye rangi ya asali. Na kuna mbao za majahazi yaliyostaafu. Mafundi wa Zanzibar na Lamu huzigeuza kuwa meza na mabenchi, zikiwa bado na matundu ya misumari na mabaki ya rangi ya bahari. Vitu vya aina hiyo haviwezi kutengenezwa upya. Vinapatikana tu kwa kungoja miaka.

Neno moja kuhusu milango ya kuchongwa. Mlango wa zamani uliong'olewa katika nyumba ya Mji Mkongwe au ya Lamu ili ukapambe sebule mahali pengine umeua vitu viwili, nyumba ulikotoka na maana yake wenyewe. Ukitaka mlango, mwagize mchongaji aliye hai. Kazi hiyo bado inafanyika, na fedha zako zitaendeleza mkono unaoifanya.

Ukienda kwa mafundi, iwe Keko au kwenye karakana ya mtaani kwako, uliza maswali matatu kabla ya bei. Mbao imekauka kwa muda gani? Mbao mbichi itapinda na kupasuka ndani ya msimu mmoja wa kiangazi. Viungo vimechongwa vikaingiana, au vimepigwa misumari mitupu? Tikisa kiti, utajua. Na umaliziaji ni nini? Vanishi nzito inayong'aa inaifunika mbao na ikichubuka haitengenezeki kwa urahisi. Mwombe fundi aipige msasa vizuri na kuipaka mafuta ya kitani, kisha nta ya nyuki; Tanzania ni mzalishaji mkubwa wa nta, na Tabora haijawahi kuishiwa nyuki. Mbao iliyopakwa hivyo hupumua, na doa likiingia unalisugua na kupaka tena mwenyewe. Tahadhari moja: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani huweza kuwaka yenyewe yakikunjwa na kurundikwa. Yatandaze nje yakauke, ndipo uyatupe.

Gome, udongo, nyasi

Nafasi iliyobaki ukutani na juu ya rafu isijazwe haraka. Chagua vitu vichache ambavyo unajua vimetengenezwaje. Mfano wangu bora unatoka Uganda. Waganda hutengeneza kitambaa kutoka kwenye gome la mti wa mutuba, na UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005. Gome la ndani hubanduliwa wakati wa mvua, na shina lililobaki wazi hufungwa majani ya migomba ili lipone na kuota gome jipya. Mti huo huo huvunwa tena. Gome hulainishwa kwa joto, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mistari, kwa saa nyingi, likipanuka na kulainika. Likianikwa juani hupata rangi ya udongo uliochomwa. Ni kitambaa cha kutawazia wafalme na cha kuzikia wapendwa, kwa hiyo kipe heshima yake: kipande kimoja katika fremu, au kivuli cha taa kinachoonyesha nyuzi zake usiku. Usikifanye zulia.

Hapa kwetu ziko kazi nyingine za kiwango hicho. Wanawake wa Iringa husuka vikapu kwa milulu, vigumu na vya rangi ya nyasi, vinavyofaa kuwekea matunda au nguo za mtoto. Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa hufinyanga vyungu vyembamba vinavyouzwa Matema. Huko Tabaka, karibu na mji wa Kisii nchini Kenya, wanachonga jiwe laini la rangi ya krimu na waridi. Chungu kimoja kikubwa cha Kisi kikiwekwa peke yake kwenye kona kinatosha kukikamilisha chumba. Kikizungukwa na vitu ishirini, hakionekani.

Kinachoota na kinachonukia

Mimea miwili inayopendwa sana katika vyungu vya ndani huko Ulaya na Marekani ni ya kwetu. Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, lilitoka milima ya Usambara mwaka 1892, pale ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipopeleka mbegu zake Ujerumani. Zamioculcas, yenye majani mazito yanayong'aa, inaota yenyewe kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, Zanzibar ikiwamo, na imekuwa mmea wa maofisini dunia nzima kwa sababu haifi kwa kiu. Saintpaulia ni ya dirisha lenye mwanga usio na jua kali, nayo imwagiliwe chini, maji yasiguse majani. Zamioculcas ni ya kona yenye giza. Imwagilie udongo ukishakauka kabisa, kwa kuwa maji mengi ndiyo yanayoiua. Maua ya plastiki yaondoe. Yanakusanya vumbi na yanaidanganya nyumba.

Harufu ni sehemu ya mapambo, na hapa mwambao hauhitaji mwalimu. Asumini kwenye sahani kando ya kitanda, mrehani kwenye chungu cha dirishani, udi kwenye chetezo siku ya Ijumaa, mchaichai ukichemka jikoni: hayo yanamkaribisha mtu kabla hajaona ukuta wala kiti. Dawa za kunyunyiza za kopo hazina kazi katika nyumba yenye vitu hivyo.

Usiache mbachao kwa msala upitao

Vitu vya asili vinadai matunzo, na ni haki kumwambia msomaji hilo kabla hajatoa fedha. Mkeka ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu na uanikwe kivulini, kwa maana jua kali huvunja chane na kupausha rangi. Ukihifadhiwa, uviringishwe, ukikunjwa utavunjika pale pale ulipokunjwa. Mbao ipakwe mafuta kila mwaka kabla ya kiangazi. Tazama unga mwembamba chini ya miguu ya meza, hiyo ni dalili ya dumuzi. Ukuta wa chokaa upakwe tabaka jipya kila baada ya miaka michache, kazi ya siku mbili inayoweza kufanywa na vijana wa nyumbani. Vikapu vipigwe jua la asubuhi baada ya masika ili ukungu usikae.

Kama hutaweza kufanya hayo, nunua vitu vichache zaidi. Lakini vitu vya asili vina faida hii: vinatengenezeka. Sofa ya ngozi ya bandia ikichanika imekwisha. Kitanda cha kamba kikilegea kinakazwa, mkeka ukifumuka unashonwa, meza ikichubuka inapigwa msasa. Baada ya miaka ishirini sofa iko jalalani, na meza imepata rangi ambayo hakuna duka linaloiuza.

Mpangilio wa matumizi ninaoupendekeza ni huu. Mwezi wa kwanza badilisha balbu zote za sebule na ushushe taa chini. Mwezi wa pili ondoa vitu: maua ya bandia, mapambo usiyoyajali, pazia la kung'aa. Acha chumba kikiwa nusu tupu kwa muda, ujue unakosa nini hasa. Msimu wa kiangazi paka ukuta mmoja chokaa, ule unaopigwa na mwanga wa jioni, kabla hujaamua kuhusu mingine. Mbao ije mwisho, kipande kimoja kimoja, kila ukipata fedha ya kilicho bora.

Na kama mwaka huu una fedha ya kitu kimoja tu, nunua mkeka. Mtafute anayeusuka, mwagize kwa kipimo cha chumba chako, mchague rangi pamoja, na umlipe bei anayoitaja. Wasichana hawataki kujifunza kusuka kwa sababu wanaona mama zao wakihangaika wiki nzima kwa fedha isiyonunua hata unga. Ufundi uliopamba nyumba zetu hautaokolewa na makumbusho peke yake. Utaokolewa na sebule zetu, zikiwa tayari kuulipia.